Jibu la Posa ya Husna

Mwinjuma Semkiwa hakuwa na ng'ombe, wala mbuzi wa kumwita wake. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na ndugu aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya serikali. Hakuwa na meno ya mbele ya juu, hakuwa na viatu vya mvua wala mvua yenyewe, na katika sanduku lake la bati hakuwa na cheti hata kimoja kilichopatikana mchana, maana kusoma alisoma ukubwani, kwenye darasa la jioni la watu wazima, akiwa tayari ana mke na jembe. Mwaka ule hakuwa na mahindi pia.

Alichokuwa nacho ni jina. Pale kijijini, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Mkata, mtu akiletewa barua ya baraza la ardhi aliibeba moja kwa moja hadi kwa Mwinjuma, naye angevaa miwani, angeisoma kwanza kimya, kisha angeieleza kwa sauti ya mtu anayejua. Watu walimwita mwalimu ingawa hakuwahi kumfundisha mtu. Jina hilo alilivaa kama kanzu ya Ijumaa, na kama kanzu hiyo, hakupenda liguswe na mikono yenye vumbi.

Binti zake wakubwa walikwisha kuolewa. Nyumbani alibaki Husna, wa mwisho, msichana mwenye mwendo wa haraka ambaye mama yake, Shida, alikuwa akimwambia kila siku apunguze kukimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Mwendo huo ndio uliomvutia Iddy, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Korogwe, aliyekuja Mkata kutengeneza mlango wa mashine ya kusaga. Mlango ulipona siku ile ile, lakini fundi aliendelea kuja kuukagua.

Hatimaye ikaja posa. Baba yake Iddy alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyetumwa kuwa mshenga ni jirani yao wa Kwamndolwa, pale Korogwe, mzee Bernardo, Mkristo, ambaye babu yake alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge na hakurudi tena. Bernardo alifika na wazee wenzake wawili, barua ya posa ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa mtu wa maneno.

"Mzee mwenzangu," alisema akijipangusa jasho, "njia nzima natafuta mto ninawe uso kabla sijaingia kwa wakwe. Nimekuta mchanga mtupu. Samaki wa huku kwenu wanatembea kwa miguu?"

"Wanapanda basi kama wewe," Mwinjuma alimjibu, "ila wao hawana maneno mengi."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kuku wenyewe walikuwa jogoo na tetea tu, na kabla ya adhuhuri jogoo alikuwa sufuriani. Mchele ulitoka dukani kwa mkopo ambao Mwinjuma hakumwambia mkewe. Wageni walikula, wakashiba, wakaondoka wakisema njiani kwamba ukame huo labda uko vijiji vingine, kwa Semkiwa haujafika. Maneno hayo yalimfikia Mwinjuma, nayo yalimpendeza kuliko wali alioula.

Jibu hakuwapa. Desturi ni kwamba posa haijibiwi papo hapo. Huachwa ilale, ili upande wa mume ujue kwamba wanachokiomba kina thamani. Mwinjuma aliwaambia atajibu kwa maandishi, kwa wakati wake. Binti yake si nyanya za Mkata, alisema, za kuinuliwa kwenye ndoo na kununuliwa dirishani basi likiwa linaunguruma.

Basi posa ikalala. Na wakati imelala, njaa iliamka.

Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Kilichobaki shambani ni muhogo mchungu wa bondeni, ule unaopandwa kwa sababu nguruwe pori huuonja mara moja na kwenda zao. Tangu zamani watu wa pale waliujua na ukali wake. Walimenya, wakauloweka kwenye lambo mpaka ukalainika na kutoa harufu, ndipo wakauanika ukawa makopa, wakatwanga, wakasonga ugali wake ambao huko huitwa bada. Lakini mwaka ule lambo lilikuwa tope lililopasuka vipande vipande kama kigae. Maji yalitoka kwenye pampu ya mbali, na kwa foleni. Nani angechukua ndoo ya maji ya kunywa, aliyoibeba kichwani kwa mwendo wa asubuhi nzima, akazamisha mihogo ndani yake?

Kijiji kizima kikaacha kuloweka. Walimenya, wakakatakata, wakaanika juu ya mabati na miamba, na jua lilipokausha wakatwanga. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kuamua jambo hilo. Isitoshe, unga uliotoka hivyo ulikuwa mweupe kuliko wa zamani na haukuwa na harufu ya kuvunda. Wanunuzi wa kandokando ya barabara waliusifu. Mwinjuma naye aliingiza kiganja ndani ya ungo, akauona unavyoteleza vidoleni, akasema kumbe siku zote wamekuwa wakila uvundo bure. Shida alisema anahisi uchungu kwa mbali nyuma ya ulimi. Mumewe alimwambia huo ni uchungu wa mwaka.

Asubuhi bada, jioni bada. Mboga ilikuwa mchunga uliochumwa porini, nao ulikuwa haba. Dagaa wa kukaanga walinunuliwa fungu dogo siku ya gulio, na tetea alitaga alipokumbuka. Dagaa hao na yai hilo vilikwenda kwenye bakuli la baba. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya; ndivyo sahani zilivyopangwa katika nyumba zote alizozijua Mwinjuma. Baba alikula barazani, mama na binti walikula jikoni. Mara nyingine alibakiza dagaa kwa makusudi, akijua bakuli linarudi jikoni. Jioni aliwakuta dagaa wale wale ndani ya bakuli lake, wamefunikwa kwa kawa. Husna alikuwa amemwekea.

Siku moja Husna alirudi kutoka pampuni na ndoo yake, akasema miguu inamtetemeka, mizito kama si yake. Mama yake alimwambia apumzike. Asubuhi yake aliita akiwa chumbani. Hakulia, aliita tu, kama mtu anayeomba aletewe kanga. Walipoingia walimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imenyooka mbele yake kama michi miwili.

"Baba, haikunjiki," alisema.

Walimshika kwapani wakamsimamisha. Vidole vya miguu vilielekea chini, visigino vikakataa kugusa sakafu, magoti yakagongana na mguu mmoja ukapita mbele ya mwenzake kama mkasi. Hakuwa na homa, hakuna palipovimba. Mwinjuma alimfinya shavu la mguu, na Husna akasema anasikia vizuri tu, aache kumfinya. Mguu ulikuwa hai, ila haukutii amri.

Kabla ya adhuhuri uwanja ulijaa watu. Wapo waliosema ni mkono wa mtu. Kuna mama fulani mwenye mabinti ambao hawajapata posa. Wengine walisema ni jini aliyeona wivu, amefunga miguu ili mwali asitoke. Wakatajwa waganga. Shangazi Tatu, dada yake Mwinjuma aliyeolewa Kerenge, alifika siku ya pili na chupa ya mafuta yaliyosomewa dua, akamsugua mpwa wake mpaka akachoka. Mwinjuma aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akampeleka binti zahanati. Zahanati wakamwandikia karatasi ya kwenda hospitali Korogwe.

Korogwe! Katika dunia nzima mji huo ndio ambao hakutaka kuonekana ndani yake. Walipanda basi asubuhi, wakapita Segera, na waliposhuka stendi ya Korogwe Mwinjuma alimbeba binti yake mgongoni kama mtoto, huku Shida akimfunika kanga kuanzia kichwani. Kwamndolwa haikuwa mbali. Kila mzee aliyevaa kofia alifanana na Bernardo, na kila kijana juu ya pikipiki alifanana na Iddy. Mwinjuma alitembea ameinamisha uso, na mgongoni alihisi miguu ya mwanawe ikimgonga mapajani, imekakamaa. Husna, ndani ya kanga, alimuuliza kwa sauti ndogo kama wamekwisha kuvuka stendi. Alimjibu wamevuka, na walikuwa bado.

Daktari waliyemkuta alikuwa mwanamke, Daktari Edna, mdogo kuliko binti wa kwanza wa Mwinjuma. Alimwamkia shikamoo, akamlaza Husna, akagonga magoti yake kwa kinyundo cha mpira. Miguu ikaruka kama imechomwa. Aligonga tena, akavuta kiti karibu na wazazi.

"Binti anakula nini, mzee?"

"Chakula," alisema Mwinjuma.

"Chakula gani?"

"Cha kawaida. Kwangu tunakula vizuri."

Aliyejibu ni Shida, akiangalia mikono yake.

"Bada, daktari. Asubuhi na jioni. Kwa mchunga."

"Ya muhogo mchungu? Mliuloweka?"

"Kwa maji gani, mwanangu?"

"Na nyumba nzima mnakula hivyo hivyo?"

Mwinjuma alisikia kalamu ya daktari ikigonga meza taratibu.

"Baba yake hupata dagaa kidogo," Shida alisema. "Na yai, likiwepo."

Daktari hakumwangalia Mwinjuma, na hilo lilimuuma kuliko kama angemwangalia. Akaeleza polepole, kwa maneno ya kawaida. Mwili wa mtu, alisema, umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kijumba mna vinu vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Vinu hivyo ndivyo vinavyosaga chakula na kukigeuza kuwa nguvu. Muhogo mchungu usiolowekwa una sumu, na sumu hiyo hushika vinu visizunguke. Mwili una namna ya kuivunja, lakini silaha yake hutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maharage. Mwenye kitoweo hujitetea. Asiye na kitoweo, sumu humzidi siku baada ya siku bila yeye kujua, na vijana huwawahi kuliko wazee. Na seli zilizo ubongoni, zile zinazopeleka amri mpaka miguuni, ni ndefu kuliko zote na zinataka nguvu nyingi. Vinu vyake vikisimama, zinakufa.

"Dawa yake ni ipi?" Mwinjuma aliuliza.

"Ya kumrudishia miguu kama ilivyokuwa, hakuna, mzee wangu. Ugonjwa hautapanda zaidi akiacha chakula hicho. Anaweza kupata nafuu kidogo miezi hii ya mwanzo. Atafanya mazoezi, atatembea kwa fimbo. Siwezi kukudanganya."

"Sasa nikimpa mayai? Samaki? Nikimpa kila siku?"

"Mpe. Yatazilinda seli zilizobaki." Daktari akafunga faili. "Zilizokufa hazili, mzee."

Kitandani Husna alikuwa ameyasikia yote. Aliinuka kwa viwiko, na swali alilouliza halikuwa la miguu.

"Nikizaa, mtoto ataupata?"

"Hapana, dada. Haumo kwenye damu wala hauambukizi. Ulitoka kwenye sahani."

Mwinjuma alikuwa amezoea kwamba jambo likishaelezwa likaeleweka, basi nusu yake limekwisha kutatuliwa. Ndiyo imani aliyoitoa katika darasa la jioni. Ile siku aliposoma sentensi ya kwanza peke yake alirudi nyumbani akiona dunia imepungua ukubwa. Sasa alielewa kila kitu, kuanzia shambani mpaka kwenye vinu vile vidogo, na kuelewa kwake hakukunyoosha hata kidole kimoja cha mguu wa Husna.

Daktari aliwafundisha namna ya kuupunguzia unga sumu kwa maji kidogo: uloweshwe upate unyevu, utandazwe mwembamba juu ya mkeka kivulini kwa saa kadhaa, sumu ipande hewani, ndipo usongwe. Bakuli moja la maji lilitosha. Shida alipofanya hivyo mara ya kwanza nyumbani, alikaa kando ya mkeka akiuangalia unga ule, akilia bila sauti, na mumewe alipita nyuma yake akaenda bandani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Mwinjuma aliwaambia majirani. Alikwenda nyumba kwa nyumba na miwani yake, akaeleza habari za vinu. Baadhi walimsikiliza na kubadili, wengine walimcheka. Mmoja wao, Habakuki, muuza makopa wa barabarani, alisema mwalimu amesoma mpaka anaunywesha unga maji kama mtoto mchanga. Mwinjuma alikuwa mtu wa kujibu maneno kama hayo. Safari hii aliondoka tu.

Aliuza redio yake. Kila asubuhi Husna alipewa yai, na mchana samaki, na baba yake alikaa mbele yake mpaka amalize, kama mtu anayengoja mbegu iote siku ile ile ilipopandwa. Wiki za mwanzo kweli magoti yalilegea kidogo. Husna aliweza kusimama kwa fimbo mbili na kwenda kutoka chumbani hadi jikoni kwa ncha za vidole, akiyumba, jasho likimtoka. Mwinjuma alianza kuhesabu moyoni kwamba baada ya muda fulani ataacha fimbo moja, na baada ya muda mwingine ataacha ya pili. Kisha nafuu ikasimama. Ilipofika ndipo ilipobaki, na mayai yaliendelea kuliwa.

"Baba, nawe kula," Husna alimwambia siku moja na kumsogezea nusu ya yai. "Unanitazama kama mganga anayetazama bao."

Alilikataa. Alisema ameshiba, na hakuwa ameshiba.

Wakati huo wote posa ilikuwa inangoja. Bernardo alipiga simu akiuliza kwa mzaha kama wino wa Mkata nao umekauka pamoja na mito. Mwinjuma alimwambia binti ana homa kidogo, wasiwe na wasiwasi. Alipopiga tena, homa ikawa imeongezwa uchovu. Iddy naye alipiga kwenye simu ya Shida, ambayo Husna alizoea kuipokea akiwa nyuma ya nyumba. Sasa simu ililia juu ya meza, ikatetemeka mpaka ukingoni, Husna akaitazama mpaka ikanyamaza.

Shangazi Tatu alirudi kutoka Kerenge, akataka wakae kikao. Walikaa barazani, Husna akiwa ndani, mlango uko wazi. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mpwa wake, na mapenzi yake yalikuwa na mbinu.

"Kaka, jibu leo kwamba tumekubali," alisema. "Ndoa ifungwe hapa hapa, mwali amekaa kwenye mkeka, nani atamwona miguu? Mwali hatakiwi kutembea. Akifika kwao, waseme maradhi yamempata huko. Atakuwa mke wa mtu, na mke mgonjwa hutunzwa."

Shida alisema hapana. Alitaka posa irudishwe na kitambaa chake, kwa heshima, bila maelezo, watu wa Korogwe wakatafute kwingine kabla hawajaja kumcheka mwanawe. Mwinjuma alikaa katikati. La dada yake lilikuwa udanganyifu. La mkewe lilikuwa kumzika binti angali hai. Na yeye mwenyewe, alipojichunguza, aliona kwamba amekuwa akichelewesha jibu ili miguu ipone kwanza, basi, huku akijua kwa akili yake yote kwamba haiponi.

Fimbo ziligonga sakafu. Husna alitokea mlangoni, akashika fremu.

"Mnaniuza au mnanificha," alisema. "Baba, usinipeleke na usinirudishe. Waandikie nilivyo. Wao ndio waseme."

"Wakisema hapana?" shangazi aliuliza.

"Nitalia, shangazi. Utanisugua mafuta."

Alianza safari ya kurudi chumbani, na wote watatu walisikiliza fimbo zile mpaka zikafika kitandani.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, Mwinjuma alichukua karatasi na kalamu, akakaa barazani. Mwandiko wake ulisifiwa kata nzima, na barua za watu wengine aliziandika bila kufuta. Hii ya kwake ilimkataa. Mara ya kwanza aliandika kwamba binti amepatwa na maradhi ya miguu. Alimsomea Husna dirishani.

"Maradhi gani?" Husna aliuliza kutoka ndani. "Mama yake Iddy ataanza kuuliza ukoo wetu una nini."

Aliandika nyingine, kwamba ni kudra ya Mwenyezi Mungu ambayo hakuna awezaye kuieleza.

"Hapo watasema jini, baba. Watamwogopa hata mtoto nitakayezaa. Daktari alieleza. Kwa nini wewe huelezi?"

Alijua kwa nini. Ili watu wa Kwamndolwa waamini kwamba hakuna laana katika damu ya Husna wala jini miguuni mwake, ilibidi waambiwe ni nini alichokuwa akila. Na wakiambiwa alichokuwa akila, watajua nyumba ya Semkiwa ilikuwa na njaa siku ile walipolishwa wali na jogoo. Watauliza basi kwa nini baba yake anatembea. Bernardo atasoma mbele ya wazee, maana jibu la posa husomwa kwa sauti, na stendi nzima ya Korogwe itajua kwamba mwalimu wa Mkata alikula dagaa barazani wakati binti yake anakula sumu jikoni. Hapakuwa na njia ya kulisafisha jina la Husna isipokuwa kwa kitambaa cha jina lake yeye.

Alikaa na hilo mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni mwake. Mkewe alitoka kutandaza unga kwenye mkeka, akamtazama, akarudi ndani. Kisha Mwinjuma akachukua karatasi safi.

Aliandika: "Posa yenu tumeipokea kwa furaha, na binti yetu alikuwa radhi, na yu radhi hata sasa. Lakini hali yake si ile mliyoiona. Miguu yake imekakamaa, anatembea kwa fimbo mbili, na daktari wa Korogwe amesema haitarudi kuwa kama zamani. Maradhi haya hayarithiwi, hayaambukizi, wala si ya majini. Yametokana na bada ya muhogo mchungu ambao hatukuuloweka kwa kukosa maji, naye aliila muda mrefu bila samaki, bila yai, bila maharage. Vilikuwepo kidogo ndani ya nyumba hii, na vilikuja kwenye bakuli langu. Ndiyo maana mimi ni mzima. Jogoo mliyekula alikuwa wa mwisho. Sasa mnajua yote ninayoyajua. Mkija, mtakuta mlango wazi. Msipokuja, hatutawalaumu."

Alimsomea Husna barua yote, mistari ile ya mwisho akiisoma kwa haraka kuliko ilivyostahili. Alimuuliza kama kuna la kuongeza.

"Dagaa nilikuwa nakuwekea mwenyewe," Husna alisema. "Hilo hukuliandika."

"Hilo siandiki."

"Haya." Kitanda kililia alipogeuka. "Andika na namba ya simu, kama wameipoteza."

Aliandika namba chini ya sahihi. Alikunja karatasi, akaiingiza ndani ya bahasha, akalamba ukingo na kuubana kwa kidole gumba, akaurudia tena na tena mpaka karatasi ikawa na joto. Juu akaandika jina la Bernardo na Kwamndolwa, Korogwe. Angeweza kumpigia simu mshenga aje kuichukua, kama desturi inavyotaka, lakini hakuwa na uso wa kukaa naye barazani huku bahasha iko katikati yao.

Alivaa kanzu, akaenda barabarani. Mabasi yalikuwa yakisimama na kuondoka, ndoo za nyanya zikiinuliwa madirishani, makopa meupe ya Habakuki yamepangwa kwenye madumu kando ya lami. Alilisubiri basi la Korogwe. Lilipofika alimpa kondakta bahasha pamoja na nauli yake, akamtajia jina la mpokeaji, akamfanya alirudie. Kondakta aliitupia bahasha mbele ya kioo, kati ya kitambaa na chupa ya maji, akagonga ubavu wa basi.

Basi likaondoka.